Kabla sonara hajang'oa mawe ya bibi, washa kibatari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na mniwie radhi ikiwa ndefu, hili jambo nimekaa nalo toka mwezi wa sita na kila ninayemsimulia hapa Mikindani ananiambia peleka gazetini, haya nimeleta.

Bibi yetu mzaa baba alipofariki aliacha kijaluba, kile chake cha tambuu, na ndani yake vitu vya dhahabu: pete moja ya jiwe kubwa, hereni mbili, kipini cha puani, na kidani kilichokatika chenye mawe matatu. Hesabu hapo Mhariri, mawe saba, ishike hiyo saba nitairudia. Sasa mwaka huu mikorosho inataka palizi, wapuliziaji wanataka chao, mfukoni hamna kitu, kikao cha ukoo kikakaa kikasema dhahabu iuzwe na mi ndo nikatumwa Mtwara mjini kwa sababu eti mi ndo mwenye mdomo.

Sonara simtaji na mtaa wake siutaji, mji wenyewe mdogo huu. Akaniambia, "Mama, mi nanunua dhahabu kwa gramu, mawe sinunui, haya machupa tu." Sikubisha, kwanza ni haki yake, hawezi kulipia jiwe kwa bei ya dhahabu. Akashika koleo lake dogo akaanza kuyang'oa, anapinda vile vikucha vinavyoshika jiwe, jiwe linadondoka kwenye kisahani cha bati, ting, lingine, ting. Mi macho yote kwenye mizani, maana ndugu walishanijaza maneno, angalia mizani, masonara mizani yao ina mambo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia angalia kisahani. Akanihesabia hela yangu vizuri tu, alafu akasema kama mtu anayekusaidia, "Hizi chupa nikutupie?" Sijui nini kilinituma, nikasema hapana baba nipe, watoto watachezea. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Nilivyofika nyumbani kufungua, mawe sita.

Nikarudi kesho yake asubuhi na mapema. Akasema kipini hakikuwa na jiwe mama, labda lilidondoka zamani. Nina hakika lilikuwepo, nilikisugua mwenyewe kile kipini kwa mswaki na unga wa sabuni siku moja kabla ili kipendeze dukani, sasa utasugua jiwe lisilokuwepo? Lakini nina ushahidi gani, sikuandikiwa hata risiti. Nikaondoka.

Hayo sita nikayaweka kwenye kisosi juu ya kabati nikayasahau kama wiki mbili hivi. Sebuleni tunatumia taa ya LED kama watu wote siku hizi, na chini ya ile taa lile jiwe la pete lilikuwa buluu ya kijivujivu, kama bahari ya huku kwetu siku ya wingu. Usiku mmoja umeme ukakatika, wa simu chaji hana, nikawasha kibatari nikakiweka pale pale kwenye kabati. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akasema bibi, mbona jiwe limekuwa zambarau? Nikamwambia acha uongo. Nikaenda kuangalia. Zambarau kweli, zambarau iliyokolea kama tui la ubuyu, na yale mawili madogo ya hereni ambayo mchana yalikuwa kijani kibichi kilichofifia yamekuwa rangi ya damu ya mzee. Jirani yangu aliyekuja kuomba kiberiti alitoka na Ayatul Kursiy mdomoni na kiberiti hakuchukua.

Basi ndo nikampigia mtoto wa kaka yangu anayefundisha fizikia sekondari. Akaniambia shangazi hamna jini hapo, ni mwanga tu, akanieleza kwa namna ambayo hata mi niliyeishia la saba nimeelewa kwa hiyo naamini wasomaji wenu wataelewa. Kuna mawe ambayo ndani yake mna chembe kidogo sana za madini mengine, kromiamu au vanadiamu, na hizo chembe zinafanya jiwe limeze rangi za katikati kama njano na kuachia pande mbili zipite, upande wa kijani na buluu, na upande wa nyekundu. Mwanga wa mchana una buluu nyingi, kwa hiyo jicho linaona kijani au buluu. Mwanga wa moto, kibatari, mshumaa, au zile glopu za zamani za waya, una nyekundu nyingi na buluu kiduchu, basi jiwe lile lile linaonekana jekundu au zambarau. Taa za LED nyeupe hazina nyekundu ya kutosha ndo maana jiwe linabaki na sura yake ya mchana usiku kucha, na tochi ya simu nayo ni LED, kwa hiyo wanaopima kwa tochi ya simu (na ndo wote!) wanajidanganya. Ukitaka kuona vizuri angalia saa sita mchana kivulini au dirishani, usiangalie jua la magharibi lile limeshakuwa jekundu, alafu usiku zima taa zote washa mshumaa mmoja.

Zamani bibi zetu hawakuwa na shida hii. Mchana jua usiku kibatari, jiwe la namna hii lilikuwa linaonyesha tabia yake kila siku magharibi ikiingia. Sisi wa LED ndo tumepofuka.

Habari haikai, na hapo ndo balaa lilipoanzia. Baada ya siku tatu akaja kijana mmoja, anasema yeye ni broka wa madini, kasikia nina kala chenji, yaani jiwe la kubadilika rangi. Akalishika jiwe la pete, akalimulika kwa hiyo hiyo tochi ya simu niliyoisema, akashusha pumzi. "Mama hii ni aleksi. Karati kumi na mbili. Hapa una mamilioni." Nikahisi miguu imeisha nguvu Mhariri, mimi nawaza palizi mwenzangu anataja mamilioni. Ila akasema ili liuzike lazima likatiwe cheti, na cheti ni laki mbili na nusu, nimpe yeye akashughulikie pamoja na jiwe lenyewe. Pamoja na jiwe lenyewe! Na kwa haki ya Mungu nilishaanza kutafuta wa kumkopa hiyo laki mbili na nusu. Kilichoniokoa ni kwamba wa kumkopa wa kwanza alikuwa yule yule mpwa wangu.

Akacheka kwanza, alafu akanuna. Akasema shangazi, aleksandraiti ya kweli, hiyo wanayoiita aleksi, ni jiwe adimu, lilitambuliwa kule Urusi kwenye milima ya Ural miaka ya 1830, likapewa jina la mtoto wa mfalme wao, kijana Alexander, yule aliyekuja kuwa mfalme Alexander wa Pili. Tanzania ipo, Tunduru imetoka na kule karibu na Ziwa Manyara imetoka, kwa hiyo sio kwamba haiwezekani. Lakini nyingi zikishachongwa hazifiki hata karati moja, na karati moja ni gramu moja ukiigawa mara tano, yaani gramu sifuri nukta mbili. Sasa karati kumi na mbili, jeupe ndani halina hata doa, limekaa kwenye pete ya baharia? Alafu aleksandraiti mchana ni kijani, kijani cha kweli au kijani chenye ubuluu, hili la kwako halijawahi kuwa kijani hata siku moja.

Hapo nieleze habari ya baharia. Babu alifanya kazi kwenye meli kabla ya uhuru na hiyo pete aliinunua Port Said, Misri, bibi alikuwa anaiita pete ya Misri mpaka anakufa. Kumbe, na hili nimelisikia baadaye pia maabara, miaka hiyo Misri ilikuwa soko kubwa la pete za namna hii, zinauzwa kwa mabaharia na wasafiri kwa jina la aleksandraiti, dhahabu ya kweli kabisa na jiwe limetengenezwa kiwandani. Mfaransa mmoja anaitwa Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyatengeneza: unga wa alumina unadondoshwa kidogo kidogo kupita kwenye ndimi ya moto mkali, unayeyuka, unajijenga chini tone juu ya tone kama mshumaa unavyochuruzika, ila huu unapanda juu. Wakitia kromiamu linatoka la rubi, wakitia vanadiamu ndo linatoka hili la kubadilika, buluu ya kijivu mchana, zambarau usiku.

Lakini kusema tu haitoshi, na mpwa wangu ni mtu wa kupenda kuonyesha. Jumamosi akanichukua mpaka maabara ya shule yao, na hapa nisomeni vizuri maana hiki kitu anaweza kukifanya mtu yeyote mwenye mizani ya dijitali inayosoma gramu mpaka sehemu ya mia. Alipima kwanza jiwe kavu: gramu 2.40. Alafu akaweka glasi ya maji juu ya mizani, akatia tone moja la sabuni ya vyombo ili maji yasing'ang'anie jiwe, akabonyeza mizani isome sifuri. Akalifunga jiwe kwa uzi wa cherehani akalishusha taratibu mpaka likazama lote lakini lisiguse chini wala pembeni. Mizani ikapanda: 0.60. Hiyo ndo uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawa 2.40 kwa 0.60 unapata 4. Akasema chupa ya kawaida ingekuja kwenye mbili na nusu hivi, aleksandraiti 3.7, na vito vingine, spineli ya kiwandani 3.64, ganeti ya kubadilika rangi 3.8 na ushee. Nne ni korandamu, yaani familia ya rubi na safaya. Kwa hiyo sonara aliyesema chupa kakosea, na broka aliyesema aleksi kakosea, wote wawili kwa jiwe moja!

Ikabaki kujua ni korandamu ya ardhini au ya kiwandani, maana safaya za kubadilika rangi za ardhini zipo, Umba kule Tanga zinatoka na Tunduru pia. Hapo kimizani hakisaidii, uzito ni ule ule. Inatakiwa lensi ya kukuza mara kumi, ile ndogo ya kukunja wanayovaa madalali shingoni. Tulihangaika nalo sana, unalizungusha huku na huku juu ya karatasi nyeupe na taa kwa nyuma, mi nikakata tamaa nikatoka kununua maji, narudi nakuta kalipata. Ndani kuna mistari myembamba sana, imepinda, kama mistari ya santuri ukiiangalia kwa pembeni, na viputo viwili vya hewa vya duara kabisa. Jiwe la ardhini mistari yake ya kukua imenyooka au inakutana kwa kona, haipindi kama santuri. Basi, babu aliuziwa jiwe la kiwandani.

Shangazi yangu mkubwa, dada yake baba, ndo mkubwa wa ukoo sasa, alikasirika kweli kweli. Akamwambia mjukuu wake, "Yaani unamwita babu yako mjinga?" Kijana akapiga goti, akasema shikamoo bibi, babu hakuwa mjinga, hata masonara wa Ulaya waliuziwa. Hakumjibu shikamoo mpaka jioni.

Sasa yale mawili ya hereni. Hayo kimizani kilishindwa kabisa, na ni vizuri watu wajue kinaposhindwa maana nimeshawasikia vijana wanapima vijiwe vidogo kama punje ya mchele wanatangaza jibu. Kila moja lilikuwa gramu 0.16, kwenye maji mizani ikasoma 0.04, ukigawa inakuja nne, lakini mizani yenyewe inaweza kukosea 0.01 huku au huku, ukiweka 0.05 inakuja 3.2 na ukiweka 0.03 inakuja zaidi ya tano. Hiyo ni ramli sio fizikia. Kwa hiyo akatumia sumaku. Alikuwa na sumaku ndogo ya nguvu sana aliyoing'oa kwenye haddisk ya kompyuta iliyokufa, ya spika haifai ni dhaifu. Akakata kipande cha foam ile nyeupe ya kufungia TV, ukubwa wa kidole gumba, akakielesha kwenye beseni la maji, akaweka jiwe juu yake. Akasogeza sumaku karibu na jiwe bila kuligusa. Kafoam kakaanza kwenda. Kadogo kadogo, alafu kakawa kanaifuata sumaku beseni zima, kama kifaranga cha bata nyuma ya mama yake. Akaweka jingine la hereni, vile vile. Akaweka lile la pete, likakaa tu pale linatuangalia.

Ganeti. Ganeti za namna hii zina chuma na manganizi ndani ya mwili wake wenyewe, nyingi kiasi kwamba sumaku ya namna hii inazivuta, korandamu haivutwi hivo, chupa ya kawaida haivutwi, aleksandraiti nayo hata ikiguswa na sumaku inaguswa kidogo sana. Na ganeti za kubadilika rangi ni mali ya kwetu kabisa, Umba na Tunduru zinajulikana.

Nikakaa kwenye stuli ya maabara nikalia Mhariri, na sio kwa ajili ya hela. Zile hereni bibi alitengenezewa na baba yetu mdogo. Mwaka 1995 Tunduru ilipokuwa imewaka moto, kila kijana wa Masasi na Newala anapanda lori kwenda, na yeye alikwenda. Alikaa mto Muhuwesi miezi kadhaa anachekecha mchanga, akarudi na malaria, suruali moja, na vijiwe viwili kwenye kichupa cha sindano ya penisilini. Watu walimcheka mpaka anaingia kaburini. "Umefuata machupa Tunduru, Mikindani chupa zimejaa ufukweni." Yeye alikuwa anasema haya ni mawe ya kweli, haya yanageuka, na hakuna aliyekaa naye jioni moja aone yakigeuka. Miaka yote hiyo bibi aliyavaa masikioni, labda yeye alijua.

Mawe matatu ya kidani sina maneno nayo mengi. Mawili ni chupa nyekundu, kona zake zimelika kama sabuni iliyotumika, jiwe gumu halilikagi hivo hata ulivae miaka hamsini. La tatu lilitufanyia kituko: mchana zambarau nyepesi, kwenye mshumaa bado zambarau, lakini dukani kwa Mpemba kwenye taa ya tyubu likawa buluu ya maji. Hiyo ni chupa iliyotiwa madini yanayoitwa neodimiamu, inageuka kwenye tyubu wala haijali mshumaa, kwa hiyo msikie, sio kila kinachogeuka ni jiwe. Kimizani pia kilisema chupa.

Mpwa wangu alipokwenda Arusha kwa shughuli zake akapita na mawe kwenye maabara ya vito. Wana kifaa kidogo kinaitwa rifraktomita, unaweka uso wa jiwe juu ya kioo chake na tone la mafuta maalum, unachungulia unasoma namna jiwe linavyopinda mwanga. La pete likasoma namba mbili, 1.762 na 1.770, ambayo ni korandamu, na wakaiona ile mistari ya santuri wakasema ya kiwandani. Za hereni zikasoma namba moja tu kila jiwe, kama ganeti inavyotakiwa. Kazi yenyewe kila jiwe ni dakika chache, anasema alikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko kwenye kifaa.

Ndo nafika kwenye ombi langu. Mikoa yetu ina ofisi za Afisa Madini Mkazi, na toka 2019 serikali imefungua masoko ya madini sehemu nyingi, Tunduru lipo, na wanaohudumiwa zaidi ni wenye leseni, wachimbaji na madalali, sawa, hao ndo kazi yao. Ila na sisi wa vijaluba tupo. Mji kama Mikindani, Kilwa Kivinje, Lindi mjini, kila nyumba ya zamani ina bibi mwenye kijaluba, kuna vitu vilivyokuja na mabaharia, kuna vilivyotoka Tunduru kwenye lori, kuna vilivyoachwa na wazungu wa ule mradi wa karanga wa Nachingwea, na vyote vinaishia kwenye kisahani cha bati. Tunaomba siku moja kwa mwezi, au hata kwa miezi mitatu, mtaalamu mmoja akae na rifraktomita na lensi watu walete vijiwe vyao waambiwe hiki ni hiki, kwa ada ndogo inayoeleweka na risiti. Kikifanyika hicho, kijana wa laki mbili na nusu atatafuta kazi nyingine. Na masonara nawaomba kwa heshima kabisa, mnapong'oa mawe andikeni kwenye risiti mawe mangapi mmetoa na mangapi mmemrudishia mteja.

Na nyie akina mama wenzangu mnaokwenda kuuza, ombeni mawe yang'olewe mbele yenu, mhesabu kwa sauti. Msikubali mtu alipige jiwe na nyundo eti anapima ugumu, ganeti itapasuka na aleksandraiti ya kweli itapasuka vile vile. Wala lisitiwe kwenye moto wa gesi likiwa bado kwenye pete, wala asidi. Wala usimpe mtu jiwe na hela kwa wakati mmoja.

La mwisho, na hili silisemi kwa kumshika mtu uchawi. Juzi nilikwenda kumuonyesha shangazi zile ganeti, nikamuwashia mshumaa mezani akaziona zinageuka. Akakaa kimya muda, alafu akasema, hizi hazijafika, ungeona kinyonga. Nikamuuliza kinyonga gani. Akasema kipini cha mama, sisi watoto tulikuwa tunakiita kinyonga, mama yake alimvalisha alipoolewa, mchana ukikaa naye barazani ni kijani kama jani la mkorosho changa, usiku akija kutufunika shuka na koroboi mkononi ni jekundu.

Inaweza kuwa chochote, nishajifunza, inaweza kuwa spineli ya kiwandani au chupa au ganeti nyingine. Ni kijiwe kidogo, saizi ya punje ya choroko, duara, na pembeni kina pengo dogo sana ambalo nililihisi kwa mswaki. Aliyenacho simdai. Awashe mshumaa akiangalie, alafu anitumie tu neno kupitia gazeti lako Mhariri, kimekuwa rangi gani.

Ni mimi msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara.